Mstari wa Sentimita Mia na Ishirini

Ilikuwa Jumatano, saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, manyunyu yakianguka bila upepo, Bi Kipimo alipofungua kufuli la lango dogo la bustani ya michezo na kuingia kwa ubavu, kama alivyofanya kila Jumatano tangu maradhi ya mlipuko yaifunge. Ulikuwa mwezi wa tano. Bembea zilikuwa chini ya maturubai, farasi wa mbao walifungwa minyororo miguuni, na maji ya bwawa la watoto yalikuwa yamegeuka rangi ya chai iliyolala.

Fundi alikuwa ametangulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifuta grisi mikononi kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Shikamoo, Bi Kipimo. Tarehe imesogezwa tena, umesikia?"

"Marahaba. Si walisema jana?"

"Jana imepita. Sasa ni tarehe moja mwezi ujao. Nimeipata kwa dereva wa meneja."

"Wiki iliyopita uliipata kwa mpishi."

"Mpishi alikuwa anakisia. Dereva anamsikia meneja akizungumza kwa simu."

"Na meneja naye anakisia," alisema Bi Kipimo. "Washa mtambo, mdogo wangu. Tusije tukaruhusiwa kufungua magurudumu yakiwa yameshikana kwa kutu."

Mtambo wenyewe uliitwa Nyoka. Ulikuwa treni ndogo ya mabehewa sita, kila behewa viti viwili, iliyopanda reli hadi kimo cha ghorofa nne, kisha ikajiachia kama kitu kilichosukumwa. Kanuni ilitaka uzungushwe mtupu mara moja kwa wiki, na ilitaka mlinda mlango wake awepo. Mlinda mlango huyo alikuwa Bi Kipimo kwa miaka ishirini. Katika miaka hiyo yote hakumwona mtoto hata mmoja aliyeshuka Nyoka bila kusema "tena".

Jina la Bi Kipimo alilipata kwa sababu ya ubao wa kupimia urefu. Ulisimama kando ya mlango, umechorwa namba, una kibao cha kushusha hadi utosini, na mstari mwekundu kwenye sentimita mia na ishirini. Aliyekuwa chini ya mstari hakupanda, hata awe mtoto wa meneja. Lakini Bi Kipimo hakuwa mtu wa kumfukuza mtoto mikono mitupu. Alimchorea alama yake kwa penseli, akaandika tarehe, akamwambia, "Rudi, nitakupima tena."

Kazi yake ya pili ilikuwa vyuma. Kila kiti kilikuwa na chuma cha kushusha mapajani, na chuma kilipita kwenye meno yanayolia tak, tak, tak mpaka kigote. Kiti kitupu kililia mara saba. Chenye mtoto, mara tano. Chenye mtu mzima, au watoto wawili waliobanana, mara tatu. Hakuhitaji kutazama; sikio lilimtosha.

Jumatano ile alianzia nyuma kama kawaida. Saba, saba, saba. Viti kumi na kimoja. Alipofika kiti cha mbele kushoto, chuma kililia mara tano kikasimama.

Alikifungua, akakishusha upya. Tano.

"Springi hiyo," Fundi alisema, akasogea na kopo la mafuta. "Imelala muda mrefu."

Alipaka mafuta. Tano. Bi Kipimo alipitisha kiganja juu ya kiti. Viti vyote vilikuwa vimelowa manyunyu. Hicho kilikuwa na duara kavu katikati, dogo, upana wa sahani.

Walizungusha Nyoka mara tatu, ikarudi, wakaizima. Akiwa anatoka, Bi Kipimo alitupia jicho ubao wake, kwa mazoea tu. Alama ya mwisho aliyoichora yeye ilikuwa kwenye mia na kumi na sita, na tarehe ya siku waliyofunga. Juu yake palikuwa na alama nyingine. Mia na kumi na saba na nusu.

Alimkumbuka mwenye alama ile ya mia na kumi na sita. Siku ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika ishirini lango lifungwe, walisimama watoto wawili kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakujua kunyamaza; mama yake alikuwa muuguzi, na siku zile alilala hospitali kikazi, hivyo mtoto alikaa kwa bibi. Chiriku alipimwa kama watu wengine, akapata mia na ishirini na tatu, akaingia kiti cha mbele kushoto. Nyuma yake alikuwapo msichana mwembamba aliyetembea kwa tahadhari, kama anayebana kitu kwa vidole vya miguu. Bi Kipimo alimvua viatu. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa mara nyingi.

"Mbona yule amepita?" mtoto aliuliza.

"Yule amefika. Wewe bado kidogo. Tukifungua tena, utakuwa umeshafika, na kiti kile cha mbele ni chako."

"Mtafungua lini?"

"Wiki mbili tu," Bi Kipimo alimjibu, kwa kuwa ndivyo walivyoambiwa.

Siku ya Jumatatu baada ya manyunyu yale, Bi Kipimo akiwa amekwenda bustanini kufagia, mwanamke mmoja alisimama nje ya lango. Wengi walikuwa wakifika kuuliza swali lilelile, na wengi walifika na jibu lao mkononi: shule zikifunguliwa, dawa ikipatikana, joto likizidi. Huyu hakuwa na jibu.

"Mtafungua lini, mama?"

"Hakuna ajuaye, mwanangu. Wanasema tarehe moja."

"Siulizi kwa ajili yangu. Ni binti yangu anayeniuliza. Ulimkuta na karatasi viatuni."

"Nimemkumbuka," Bi Kipimo alisema, akatabasamu nyuma ya barakoa. "Mwambie avumilie. Nafasi yake ipo."

Mwanamke alishika chuma cha lango. Sauti yake ilishuka.

"Alifariki wiki ya tatu tangu mfunge. Tulimzika watu wanne. Fundi wa jeneza alimpima, mia na kumi na sita, nilikuwepo. Lakini bado ananiuliza. Tafadhali, fungueni mapema."

Tarehe moja ilifika. Ikasogezwa.

Jumatano iliyofuata alama kwenye ubao ilikuwa mia na kumi na nane na nusu. Bi Kipimo aliifuta kwa kitambaa chenye sabuni, akaenda kuangalia vyuma, akarudi. Ilikuwepo. Chini ya ubao, kwenye sakafu ya saruji iliyoloa, palikuwa na nyayo mbili kavu, visigino vimegusana na ubao.

Jioni alimkuta Chiriku amekaa mezani na daftari, hasemi kitu. Hilo peke yake lingetosha kumshtua. Kisha akaona viatu. Viatu vya shule, ambavyo mwanzoni mwa mwaka vilimbana hadi akalia, vilikuwa vinapwaya.

"Bibi, nani amevivaa?"

"Hakuna. Njoo mlangoni nikupime."

Alikuwa na desturi ya kumpima kwenye fremu ya mlango wa jikoni kila mwisho wa mwezi. Alimsimamisha mara tatu. Mia na ishirini na nusu. Mwezi uliopita alikuwa ameandika mia na ishirini na moja na nusu, akadhani ni mkono wake uliotetereka. Kabla ya kufunga, mia na ishirini na tatu.

Alikuwa mtu wa hesabu. Alichukua bahasha kuukuu akaandika namba za ubao upande mmoja na za mlango upande wa pili, akajumlisha kila jozi. Mia mbili thelathini na tisa. Mia mbili thelathini na tisa. Mia mbili thelathini na tisa.

Kila tarehe iliposogezwa, mmoja alirefuka na mwingine alipungua.

Tangu hapo hakuna aliyefuatilia habari za kufungua kuliko Bi Kipimo. Alimbana dereva, akambana mpishi, akampigia meneja mwenyewe simu mara nne kwa siku moja.

"Mama yangu, una haraka kuliko mwenye mtaji," meneja alimwambia.

"Niambie siku tu, bosi. Hata kama mbali. Siku moja isiyosogea."

Mwisho wa mwezi tangazo lilitoka: bustani zote zingebaki zimefungwa mpaka hapo itakapotangazwa tena. Halikuwa na tarehe. Usiku huo Chiriku alilala bila kula, na asubuhi sketi yake ilimvuka magoti ikafika nusu ya miguu. Fremu ya mlango ilisema mia na kumi na tisa na nusu. Bi Kipimo hakuhitaji kwenda kuangalia ubao ili kujua ya upande wa pili, lakini alikwenda. Zilikuwa zimelingana. Kuanzia hapo, mjukuu wake ndiye angekuwa mfupi, na hakuna aliyejua pa kukomea.

Jumatano, saa tisa alasiri. Jua kali, bila wingu.

"Fundi, washa. Leo kuna abiria."

Fundi alitazama lango. Akatazama njia tupu. Akamtazama yeye.

"Abiria gani, Bi Kipimo?"

"Washa, mdogo wangu. Usiniulize."

Alisimama kwenye ubao. Alishika kile kibao cha kushusha, akakiteremsha polepole, kama anavyofanya mtoto akiwa chini yake. Kiliteremka. Kikasimama. Hapakuwa na kitu chini yake. Alikisukuma kidogo. Hakikwenda. Mia na kumi na tisa na nusu.

Kwa miaka ishirini hakuwahi kusamehe hata nusu.

"Umefika," alinong'ona. "Pita, mwanangu."

Hewa ilipita kando ya mkono wake, baridi, ikanukia karatasi iliyoloa.

Alikwenda kwenye behewa la mbele. Alishusha chuma cha kushoto. Tak. Tak. Tak. Tak. Tak. Alisubiri. Tano.

"Nimekuahidi, nimetimiza. Cha mwenzako umrudishie."

Alibonyeza kitufe. Nyoka ilipanda. Ilipofika juu ilisita, kama inavyosita daima, kisha ikajiachia. Hakuna aliyepiga kelele. Magurudumu tu. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilicheza bila sauti.

Ilirudi. Chuma cha kushoto kilifunguka kabla hajakigusa.

Alingoja. Kisha akakishusha tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Kilikuwa kitupu. Bi Kipimo alikaa chini pale pale, kwenye saruji ya moto, akalia kwa mara ya kwanza tangu bustani ifungwe.

Alipopita ubaoni aliona alama mpya. Ilikuwa juu ya mstari mwekundu, sawa kabisa, mia na ishirini. Pembeni iliandikwa tarehe ya siku ile. Mwandiko ulikuwa wake. Penseli yake ilikuwa nyumbani, kwenye droo.

Jioni alipomsimamisha Chiriku kwenye fremu ya mlango, alipata mia na kumi na tisa. Nusu ile aliyoisamehe ilikuwa imechukuliwa.

Lakini asubuhi Chiriku aliamka akizungumza, akaomba uji, akaomba tena, akasimulia ndoto ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Mwezi ulipoisha hakuwa amepungua. Uliofuata aliongeza robo. Bi Kipimo aliichoma ile bahasha ya hesabu.

Bustani ilifunguliwa Jumamosi moja, saa nne asubuhi, kweupe, bila yeyote kati ya wale waliokisia kuipatia tarehe. Foleni ilizunguka hadi bwawani. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi.

"Dereva wa meneja ananidai soda," alisema. "Tuliwekeana dau, na yeye alikosea kwa siku nyingi kuliko mimi."

Mafundi rangi walikuwa wamepaka ubao rangi nyeupe mara mbili. Alama zote zilikuwa zimezama isipokuwa ile ya mia na ishirini. Walisema waliipaka kama nyingine.

Chiriku alikuwa wa mwisho katika kundi la kwanza. Kibao kilishuka hadi utosini. Mia na kumi na tisa na nusu.

"Bibi, nusu tu. Na zamani nilikuwa napita."

"Najua ulikuwa unapita."

"Sasa nirudi lini?"

Bi Kipimo alikuwa ameshika penseli. Alitafuta maneno yake ya miaka yote, yale ya rudi nitakupima, akairudisha penseli mfukoni. Hakutaka kumpa mtoto yeyote ahadi nyingine. Hakutaka huyu angoje chochote.

"Pita," alisema.

Viti kumi na kimoja vilikuwa vimejaa. Kilibaki cha mbele kushoto; watoto walikuwa wamekifikia mmoja baada ya mwingine, wakakitazama, wakaenda kukaa kwingine, na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Chiriku alikaa. Alijisogeza pembeni kabisa, akabana mabega kama mtu aliyeombwa nafasi.

"Kaa katikati, mama."

"Siwezi, Bibi."

Bi Kipimo alishusha chuma. Kilisimama mapema mno. Alidhani sikio limemdanganya kwa kelele za foleni. Alikifungua, akakishusha upya, polepole, safari hii akihesabu kwa sauti.

Moja. Mbili. Tatu.