Zimwi Lililotiwa Chumvi

Sogeeni, sogeeni. Aliye mbali aje karibu. Aliye karibu asinisukume.

Palikuwa na mtoto, jina lake Siwema. Alikuwa na miaka sita na pengo kubwa mdomoni, maana meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Kaka yake Shomari na dada yake Mwamvita walikuwa wakubwa. Walikuwa wakitengeneza sura ya zimwi ya kuvaa usoni, kwa ajili ya Siku ya Hadithi shuleni.

"Na mimi nitengeneze," Siwema akasema.

"Utaogopa," akasema Mwamvita.

"Mwoga hatengenezi zimwi," akasema Shomari.

"Siogopi!" akasema Siwema.

Alikuwa anaogopa. Anaogopa kweli kweli. Ila msimwambie mtu.

Mwamvita akapika uji wa unga wa muhogo. Akauepua, akampa Siwema mwiko.

"Koroga. Huu si wa kunywa. Hii ni gundi yetu."

Koro, koro, koro. Siwema akakoroga. Halafu akachovya kidole, akaonja.

Ah! Hauna ladha!

Siwema akatia chumvi, kijiko kimoja kilichojaa. Akatia na cha pili. Msimwambie mtu!

Shomari akapuliza puto. Fuuu! Likawa kubwa kama kichwa.

Wakachana magazeti vipande vipande. Wakachovya kwenye uji, wakabandika kwenye puto. Chap! Chap! Chap! Kisha wakalianika juani mpaka likakauka kau.

Kesho yake Mwamvita akalitoboa puto kwa pini. Pwaa!

Wakakata macho. Wakakata mdomo mpana. Wakapaka mkaa uliopondwa, likawa jeusi tii. Wakabandika masikio ya boksi na nywele za katani.

"Na meno," akasema Shomari. Akapanga mbegu za maboga, nyeupe, moja baada ya nyingine.

Lo! Zimwi likamkodolea macho Siwema.

Siwema akarudi nyuma. Akasema kwa sauti ndogo:

"Zimwi, zimwi, mimi sikuogopi.
Ila kaa hukohuko!"

Wakaliweka zimwi stoo, lisinyeshewe na mvua.

Jioni Mama akaita, "Siwema mwanangu, niletee ungo, uko stoo."

Siwema akaenda. Hatua ndogo, hatua ndogo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Ndani kulikuwa na giza.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Siwema akasimama.

"Zimwi, zimwi, mimi sikuogopi.
Ila kaa hukohuko!"

Kwaru, kwaru, kwaru!

Siwema akatimua mbio! Ungo? Nani anakumbuka ungo?

"Kaka Shomari! Dada Mwamvita! Zimwi linakula!"

"Si ulisema huogopi?" akauliza Mwamvita.

"Naogopa!" Siwema akalia. "Naogopa tangu lilipoota meno! Lakini msinifukuze, nataka kutengeneza na nyinyi!"

Shomari hakumcheka. Akamshika mkono.

"Twende wote. Hata mimi moyo unadunda."

Mwamvita akachukua tochi. Wakaenda watatu, wameshikana. Hatua ndogo, hatua ndogo.

Kwaru, kwaru... kimya.

Mwamvita akawasha tochi. Macho mawili yakang'aa!

"Meee!"

Alikuwa Kidevu, mbuzi wa Mama. Nywele za katani zilikuwa zinaning'inia mdomoni mwake.

Siwema akashusha pumzi. Haaaa!

"Kumbe zimwi halili," akasema. "Zimwi linaliwa!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kidevu naye akaendelea kutafuna, hana habari.

Kisha Mwamvita akaliokota zimwi. Maskini! Sikio moja halipo. Meno ya mbele hayapo.

"Mbona mbuzi kapenda magazeti hivi?" akauliza.

Siwema akatazama vidole vyake vya miguu. "Nilitia chumvi kwenye uji. Vijiko viwili. Nisameheni."

Shomari akaliramba zimwi shavuni. "Kweli! Limekolea!"

Akacheka. Mwamvita naye akacheka. Siwema akaona mwili wote umekuwa mwepesi.

"Lakini Siku ya Hadithi ni kesho," akasema Mwamvita. "Na mbegu zimekwisha."

Siwema akalitazama zimwi. Akapanua mdomo, akaonyesha.

"Liacheni hivyohivyo. Hata mimi nina pengo."

Basi kesho yake, shuleni, Shomari akalivaa zimwi. Watoto wadogo wakapiga kelele, "Yalaaa!"

Zimwi likanguruma, "Nina njaaa! Lakini meno sina. Nipeni ujiii!"

"Wenye chumvi!" akapaza sauti Siwema kutoka mstari wa mbele.

Watoto wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Hakuna aliyeogopa tena. Hata mmoja.

Usiku ulipoingia, Siwema akaoga, akala, akapanda kitandani. Shomari akasimama mlangoni, zimwi mkononi.

"Nilirudishe stoo?"

"Hapana, kaka! Stoo kuna Kidevu. Litaogopa."

Shomari akalitundika ukutani, juu ya kitanda. Siwema akajifunika shuka mpaka kidevuni. Akanong'ona:

"Zimwi, zimwi, usiogope.
Mimi niko hapahapa."

Siwema akapiga miayo. Akalala fofofo, mdomo wazi, pengo nje.

Na zimwi likalala hivyohivyo.

Hadithi yetu imefumba macho. Haya, na wewe fumba.