Mahbuba na Cherehani ya Dubai

Kila asubuhi Harub akishakunywa kahawa na kwenda zake ghalani, mkewe Mahbuba hutandika mkeka karibu na dirisha akashika sindano. Alikuwa fundi wa nguo za wanawake. Alishona kwa mkono, polepole, mpaka vidole vikauma.

Nyumba yao ilikuwa Matrah, ng'ambo ya mlima tu kutoka Maskati. Walikuja kutoka Unguja mwaka uliopita, mikono mitupu. Jamaa wa Harub waliwapokea. Mmoja alitoa godoro. Mwingine alitoa sufuria. Shangazi Muhsina alileta sahani ya wali kila siku, mpaka Harub alipopata kazi. Mahbuba hakusahau hata mmoja wao.

Siku moja akaja mke wa Mzee Marhoon na robota la vitambaa. Binti yake anaolewa.

"Nguo zote za arusi nnakupa wewe," alisema. "Lakini nnazitaka mapema. Ukiona huwezi, niambie, nimpe fundi wa dukani."

"Ntaweza, bi mkubwa," Mahbuba akajibu.

Mgeni alipoondoka, Mahbuba alivitazama vile vitambaa. Kwa mkono nguo zote hizo hataziwahi. Na kazi hii ikimponyoka, nani atampa nyingine? Alihitaji cherehani. Fedha walikuwa nazo, wameziweka kidogo kidogo, lakini bei ya Matrah ilikuwa inazimaliza zote.

Jioni akaja Ghanim, binamu yake Harub.

"Cherehani unanunua hapa?" akacheka. "Khaa! Dubai zinatolewa kama bure. Pandeni motaboti, mwende mkanunue."

Harub akamtazama mkewe. "Twende?"

"Twende," akasema Mahbuba.

Kesho yake alimwambia mtu mmoja tu, Shangazi Muhsina, akamwomba asimwambie mtu. Kufika alasiri, ukumbi umejaa.

"Mimi usiniletee kitu kikubwa, mwanangu," alisema aliyetoa godoro. "Kitambaa cha kanzu tu."

"Mimi manukato, kichupa tu."

"Mimi sina neno. Saa ya mkono ya bwana wangu, basi."

Shangazi Muhsina akawakemea. "Mbona mnamtwika mtoto wa watu? Mimi sitaki kitu. Labda shali."

Kila mtu aliagiza. Hakuna aliyetoa fedha. Mahbuba alijibu, "Inshallah, inshallah," huku anatabasamu. Watu hawa angewakataliaje?

Wageni walipotoka, alibaki jirani mmoja, Bi Masouda. Huyu alikwisha kwenda Dubai zaidi ya mara moja pamoja na mumewe mfanyabiashara. Mbele yake palikuwa na sahani ya kokwa za tende zilizoachwa na wageni.

"Mwanangu," alisema, "cherehani ya Dubai ni rahisi kuliko ya hapa kwa kiasi gani?"

"Ghanim anasema rupia arobaini."

Bi Masouda akatenga kokwa nne juu ya mkeka. "Kila moja ni rupia kumi. Hii ndiyo faida yako. Haya, nauli ya kwenda, wewe na mumeo." Akaondoa mbili. "Nauli ya kurudi." Akaondoa mbili nyingine.

Mkeka ukabaki mtupu.

"Bado hamjala," alisema Bi Masouda. "Bado hamjalala. Harub bado hajakatwa mshahara wa siku atakazokosa kazini. Na cherehani bado haijapita forodhani kulipiwa ushuru. Motaboti nayo haiondoki mpaka ijae mizigo. Arusi ya binti Marhoon itakungoja?"

Mahbuba akasema kwa sauti ndogo, "Na zawadi za hawa?"

"Za hawa utazitoa kwenye fedha ya cherehani yenyewe. Mimi safari yangu ya kwanza nilifuata mazulia. Nilirudi na mabegi ya zawadi, zulia sina hata moja."

"Lakini Bi Masouda, hawa walinipa godoro nilipokuwa nalala chini. Nisiwape kitu?"

Bi Masouda akamshika mkono. "Wape. Wema wao ni wa kulipwa. Lakini nani kakwambia shukurani inauzwa Dubai tu? Wewe ni fundi. Washonee."

Mahbuba akacheka, na machozi yakamlengalenga.

"Kwa hivyo Dubai si pa kwendea?" akauliza.

"Panafaa, kwa mwenye kununua vitu vingi kwa mara moja. Nauli ni ile ile, ukileta mtumba mmoja wa bidhaa au ishirini. Ikigawanywa kwenye mitumba ishirini, huioni. Ikibebwa na cherehani moja, inaimeza faida."

Asubuhi Mahbuba na Harub walikwenda sokoni, dukani kwa Ishaq. Mahbuba alimwambia bei ya Dubai bila ya kuficha.

"Hiyo ni bei ya huko huko," Ishaq akajibu. "Ya kwangu imeshalipiwa ushuru na ujira wa wapagazi." Hata hivyo alipunguza kidogo. Akaongeza sindano na chupa ya mafuta. Akamkalisha Mahbuba papo hapo, akamfundisha kutia uzi. "Ikikusumbua, niite. Nliyekuuzia ni mimi, ntaitengeneza mimi."

Tangu siku ile, mlio wa cherehani ulisikika mpaka njiani.

Nguo zilikuwa karibu kumalizika pale gurudumu lilipokwama. Lilikataa kwenda mbele, likakataa kurudi nyuma. Mahbuba alipiga kelele, "Harub, kimbia kwa Ishaq!"

Ishaq alikuja mwenyewe na bisibisi yake. Akafungua, akatoa fundo la uzi lililojificha chini, akatia mafuta. Hata ujira hakutaka. Alikubali finjani ya kahawa tu. Gurudumu likazunguka. Mahbuba akawaza: ingekuwa ya Dubai, leo ningemwita nani?

Nguo zilifika kwa Marhoon kabla ya siku yake. Arusini wanawake walishika mapindo wakaulizana, "Kashona nani?" Mama wa bibi arusi akamvuta Mahbuba mbele ya wote. "Huyu hapa!" Wiki ile ile alipata kazi kutoka nyumba tatu.

Jamaa nao hakuwasahau. Kila aliyemsaidia alishonewa kanzu bila ya ujira. Aliyetoa godoro aliivaa yake siku hiyo hiyo, akapita nayo mtaa mzima.

Baadaye, kazi ilipozidi, Mahbuba alihitaji vitambaa vingi. Akapatana na Bi Masouda na mafundi wengine wawili. Walichanga fedha, mumewe Bi Masouda akawaletea mitumba ya vitambaa kutoka Dubai pamoja na bidhaa zake za duka. Mara hii faida waliiona.

Siku moja Shangazi Muhsina akaingia mbio, ushungi begani.

"Mahbuba! Nnakwenda Dubai kumtazama mwanangu. Usimwambie mtu! Nikuletee nini?"

Mahbuba alisimamisha cherehani. Alikwenda sandukuni, akarudi na noti, akazitia kiganjani mwa shangazi yake na kukifumba vizuri.

"Uzi mweupe, shangazi," alisema. "Na fedha yake hii hapa."