Ndevu kwenye Mkia wa Samaki

Kila alipotoka shule, Jicho alivua sare, akala chakula alichofunikiwa, akafunga nywele kwa kitambaa, kisha akavua kila kinachoning'inia mwilini. Hapo ndipo aliporuhusiwa kupita mlango wa nyuma na kuingia karakana ya shangazi yake.

"Mashine haijui hereni wala haijui sikio," Shangazi alizoea kusema. "Yenyewe inavuta tu."

Shangazi alikuwa fundi wa kalibu. Kalibu ni chuma kigumu kilichochongwa vipande viwili: dume anakaa juu, jike chini. Mashine ikimshusha dume, anaingia ndani ya jike na kukata kipande cha shaba chenye umbo lao. Nafasi kati ya wawili hao ni ndogo kuliko unene wa unywele. "Ndoa yenyewe hiyo," Shangazi alicheka. "Wakigombana kidogo tu, sisi wote tunalala njaa."

Vipande walivyokata viliitwa vilimi. Vilikuwa vidogo kama punje ya mchele, vyenye umbo la samaki, na vilikwenda kufungwa ndani ya mashine ndogo za masikioni, zile zinazowasaidia wasiosikia vizuri. Dada, binti wa Shangazi aliyekwisha kumaliza shule, ndiye aliyeendesha mashine ya kukatia. Jicho alikaa mezani na kioo cha kukuzia, akakagua kilimi kimoja kimoja. Ndiyo maana akaitwa Jicho, na jina lile alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Jicho alimpenda Dada kuliko wote. Dada ndiye aliyemfundisha kushika kilimi kwa koleo bila kukikunja. Na jana tu, Dada alimtilia kitu kiganjani na kumfumba vidole.

"Hereni," alinong'ona. "Nimekutengenezea mwenyewe. Usimwonyeshe Mama, atasema tunajipamba wakati wa kazi."

Zilikuwa samaki wawili wadogo wa njano. Jicho alizifunga kwenye leso na kuitia mfukoni, moyo umejaa pomoni.

Leo alipoingia, mashine ilikuwa imezimwa. Kwa kawaida karakana ilipiga kelele mpaka vikombe vikatetema jikoni, kwa hiyo kimya kile kilimtisha. Shangazi alikuwa amesimama na kalibu mkononi, uso umemkauka.

"Vilimi vya leo vyote vina ndevu mkiani, upande wa kushoto," alisema. Ndevu ni ncha kali inayobaki ukingoni kalibu isipokata sawasawa. "Kona ya dume imemeguka. Shaba laini haiwezi kummegua dume wangu. Kuna mtu amempitishia kitu kigumu. Nani?"

Jicho alimgeukia Dada, akidhani watashangaa pamoja. Dada alikuwa akiangalia sakafu.

"Mama, sikutaka kusema," Dada alisema polepole. "Jana nilimkuta Jicho akichezea mashine. Nilimfukuza. Labda alikuwa ameshatia kitu."

"Mimi?" Sauti ya Jicho ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Dada! Mimi?"

Shangazi hakumwuliza lolote. Alinyoosha mkono, akachukua kioo cha kukuzia, akakitia kwenye mfuko wa aproni yake. "Nenda nyumbani. Usirudi hapa mpaka nikuite."

Jicho alikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Alilia hadi pua ikaziba. Akatoa leso ajifute, hereni zikaanguka mapajani. Moja ilitoka kirahisi. Ya pili ikang'ang'ania leso, ikavuta uzi.

Jicho akaacha kulia. Alipitisha ukucha kwenye mkia wa ile ya kwanza: laini. Akaupitisha kwenye mkia wa ile ya pili: ndevu. Upande wa kushoto, palepale. Akaigeuza. Chini ya rangi ya njano kulikuwa na vistari vyeusi na nusu ya tarakimu, kama kwenye futi ya kupimia.

Alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa kulimwuma kuliko kukaripiwa. Dume alimeguka wakati zawadi yake ilipokatwa.

Akamfuata Dada jikoni.

"Ulijua," alisema.

Dada alizitazama hereni, akaketi. "Nilitaka kukufurahisha tu. Tena wewe mdogo, Jicho. Mama atakusamehe kesho. Mimi hatanikabidhi mashine tena."

"Na mimi, nani atanikabidhi kioo?"

Dada alianza kukunja ncha ya kanga yake.

"Sema wewe," Jicho alisema. "Au zitasema hizi."

Alisubiri. Maji yalichemka kwenye sufuria mpaka yakamwagika, na Dada bado alikuwa anakunja ncha ya kanga yake. Jicho akageuka, akarudi karakana bila kuitwa, akaziweka hereni mbele ya Shangazi.

Shangazi alitoa kioo. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, kisha akaruka akicheka.

"Futi yangu ya chuma! Nimeitafuta hadi uvunguni! Nimemlaani panya wa watu bure!" Kisha kicheko kikakatika, akaelewa na mengine. "Hereni hizi hukuzikata wewe, Jicho. Wewe hata kumpandisha dume huwezi."

Mlangoni, Dada alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka. "Ni mimi, Mama. Nilikata futi, nikamegua dume, nikamsingizia Jicho."

Shangazi hakupiga kelele. Alimgeukia Jicho kwanza. "Mwanangu, mimi hupima kila kitu mara mbili kabla ya kukata. Wewe nimekukata bila kukupima. Nisamehe." Akamrudishia kioo. Kisha akampigia simu mteja aliyeagiza mzigo, akamweleza ukweli kwamba vilimi vitachelewa.

Dada ndiye aliyepewa kazi ya kumnoa dume, mama yake kando, mpaka kona iliyomeguka ikaisha. Mikono yake ilichubuka. Mwishowe kilimi cha kwanza kilitoka safi.

"Amepona?" Jicho aliuliza.

"Anakata," alisema Shangazi. "Lakini mtazame, amepungua kimo, na kimo hicho hakirudi. Imani nayo ni hivyo hivyo, wanangu. Ukiimegua, waweza kuinoa tena ikafanya kazi. Ila usimlaumu mwenzio akiona imekuwa fupi."

Dada alimletea Jicho sahani ya vilimi vipya. "Vyote vizuri," alisema kwa sauti ya chini.

Zamani Jicho angecheka na kumwamini. Alikaza kioo jichoni, akashika kilimi cha kwanza kwa koleo.

"Tutaona," alisema. "Vuta kiti, Dada, ukae. Ni vingi."