Siri ya Mama Kagendo

Asubuhi hiyo stesheni ya treni ya Weston, huko ughaibuni, ilikuwa imejaa watu waendao kazini, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, na Bosibori, ndani ya koti lake la manjano, alikuwa akisoma kwa sauti bila kujijua. Sheria za wanasaikolojia hazikumwingia kichwani mpaka azigeuze kwa Kiswahili, na mtihani wa sheria na maadili, wa mwisho kabla ya leseni, ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

"Mteja akikuletea zawadi, utafanya nini?" alijiuliza.

"Inategemea," sauti ikajibu kando yake. "Kama ni kuku, utamrudishaje?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kizibao cha rangi ya chungwa cha mafundi wa uwanja wa ndege na macho yaliyotangulia kucheka kabla ya mdomo. Aliitwa Gitonga. Treni ya kwenda mjini ilipofika walipanda pamoja, wakibishana juu ya kuku, na ni katika kituo kilichofuata tu ndipo Gitonga alipokumbuka kwamba kazi yake, uwanja wa ndege, iko upande wa pili.

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Kila jioni Gitonga alimuuliza Bosibori maswali ya mtihani, naye akijibu vizuri aliitwa malkia, akikosea aliambiwa aombe msamaha kwa wateja wake wote wa baadaye. Mwezi wa tatu tangu wakutane ulipoingia, Gitonga alisema mama yake, Mama Kagendo wa mtaa wa Agincourt, anataka kumwona huyo msichana Jumapili baada ya kanisa. Bosibori akanunua gauni la samawati, akalijaribu mara nne mbele ya kioo.

Ijumaa Gitonga alimtumia picha ya mama yake akiwa na kitenge kipya, sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, mkononi. "Anafanya mazoezi ya kukukaribisha," aliandika.

Bosibori akaketi chini. Mama huyo alimjua. Alikuwa amemsikiliza mara tatu katika kliniki ya wanasaikolojia ya Don Mills, alikofanya kazi chini ya uangalizi akisubiri leseni. Kule mama alijiandikisha kwa jina lake la ubatizo, akalia kwa Kiswahili mambo ambayo hakuna mtoto wake aliyeyajua.

Alimpigia msimamizi wake, Shireen. Jibu lilikuwa fupi: hata kusema kwamba mama huyo huja kliniki ni siri ya mama, si yako. Miadi yake ni Jumanne. Zungumza naye kwanza. Lakini Jumapili ilikuwa inatangulia Jumanne.

"Siwezi kuja Jumapili, mpenzi," alimwambia Gitonga kwenye simu.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Una zamu?"

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana. Na sababu siwezi kukuambia."

"Bosi, mama amenunua mpaka kitambaa kipya cha meza. Kama umeona sikufai, niambie tu."

"Sijakuona hivyo hata siku moja."

"Basi ni nini?"

Alimuuliza mara tatu, na mara zote tatu Bosibori alirudia kwamba hawezi kusema. Gitonga akakata simu.

Jumanne kule kliniki, Mama Kagendo hakuwa amevua hata koti.

"Mama, kabla hujaanza, nina jambo langu mimi," Bosibori alisema. "Kijana ninayempenda anaitwa Gitonga. Ijumaa alinionyesha picha ya mama yake."

Mama aliuweka mkoba wake kitini. "Kumbe ni wewe uliyesusa mukimo wangu?"

"Ni mimi."

"Na hukumwambia kwa nini."

"Si langu kulisema. Sitamwambia, hata akiniacha. Wewe pia si lazima umwambie. Ila mimi siwezi kuendelea kukusikiliza hapa. Utapewa mtu mwingine." Alilisema akijua kwamba pale kliniki hapakuwa na mwingine aliyejua Kiswahili.

Mama Kagendo alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Alhamisi Bosibori aliufanya mtihani macho yakiwa yamevimba. Kulikuwa na swali kuhusu kuchumbiana na jamaa wa mteja. Alilijibu bila kulisoma mara mbili, kisha akainamisha kichwa mezani dakika nzima.

Jumamosi mchana mlango uligongwa. Alikuwa Gitonga.

"Mama ameniambia," alisema, bado amesimama koridoni. "Tangu baba afariki halali vizuri. Miaka minne, Bosi. Kila Jumapili nala kwake, na sikuona."

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika. Kisha nikawaza, huyu alikuwa tayari kunipoteza ili mama yangu asiaibike. Sasa nitafute nani mwingine?"

"Na yeye? Nani atamsikiliza?"

"Ameomba aende kwa Shireen. Anasema wanasaikolojia wako wengi, mkwe kama huyo ni mmoja. Atajifunza kulia kwa Kiingereza, polepole."

Bosibori alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Gitonga hakupiga goti. Korido ilikuwa nyembamba na jirani alikuwa akipita na kapu la nguo. Alimshika mikono yote miwili.

"Nikuoe?"

"Matokeo bado hayajatoka."

"Sikuulizia mtihani."

"Basi nioe," alisema.

Bosibori alichungulia dirishani. Kule chini, Mama Kagendo alikuwa ameketi garini, amefunga mkanda, akitazama mbele kama mtu asiyejua lolote.