Boti Isiyombeba Mama

Siku ya soko Litein, kipande kirefu cha alumini kilipita katikati ya watu kikiwa begani mwa kijana mmoja, na watu wakakipisha kama wanavyompisha ng'ombe mwenye pembe. Wamuyu hakukipisha. Alikuwa amesimama mbele ya duka lake la betri na sola, mgongo ameupa barabara, akifunga kitambaa cha kichwa. Ncha ya kile kitu ikamnasa sweta na kufumua uzi hadi kiunoni. Kijana akageuka kuomba msamaha, na kwa kugeuka akafumua zaidi.

"Tulia hapo hapo," Wamuyu akamwambia. "Ukigeuka tena utaniachia mikono peke yake."

Akatulia. Alikuwa kwenye ovaroli yenye madoa ya rangi, mrefu, na uso wa mtu asiyelala vizuri lakini si kwa huzuni. Wamuyu alikuwa kwenye gauni la manjano, ile sweta ya kijivu iliyokuwa inaisha, na gambuti, maana mvua ya alasiri ilikuwa njiani na kila mtu alijua. Alipomaliza kujinasua akauliza ile ni nini. Bawa, kijana akasema. Bawa la nini? La boti.

Wamuyu akatazama vilima. Chai upande huu, chai upande ule, na ziwa lenyewe liko mbali kule Homa Bay.

"Boti yenye mabawa. Hapa Litein."

"Mabawa yanakaa chini ya maji," kijana akamsahihisha, kwa uzito uliomfanya Wamuyu acheke mpaka akasahau sweta.

Jina lake lilikuwa Kipkirui. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Kisumu akitengeneza boti za faiba, na baba yake alipofariki akarudi kukaa karibu na mama. Sasa alikuwa na kibanda nyuma ya kinu cha unga, na ndani yake boti moja. Siku hiyo alirudi dukani kununua waya. Kesho yake akaja kwa fyuzi, kisha kwa betri za boti, na baada ya hapo akawa anakuja tu. Alimweleza Wamuyu kwamba bawa majini hufanya kile ambacho bawa la ndege hufanya hewani: boti ikipata kasi, bawa linaiinua, tumbo linatoka majini, maji yanaacha kuishika, na betri ndogo inafika mbali ambapo petroli ingekumaliza. Wamuyu alielewa upesi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaambia watu betri itafika wapi na itakufa wapi. Babu yake ndiye aliyetoka Nyeri na kufungua duka hapo Litein. Yeye alizaliwa nyuma ya duka, na Kikipsigis alikijua kuliko baadhi ya wenyewe.

Jioni simu zilianza.

"Umefika nyumbani salama?"

"Naishi nyuma ya duka, Kipkirui. Nilifika kabla sijaondoka."

"Nilitaka tu kusikia sauti."

"Ya fyuzi ama yangu?"

"Yako, mrembo. Fyuzi haiongei."

Mara ya kwanza boti kuruka walikuwa wawili tu, kwenye bwawa la zamani lililochimbwa katikati ya chai. Wamuyu alisimama ukingoni. Aliona boti ikienda kama boti yoyote, ikisukuma maji kwa kifua, halafu ghafla kelele ikapungua na chombo kizima kikapanda juu ya miguu miwili myembamba, kikawa kinapita bila kuacha wimbi. Kipkirui aliporudi ukingoni alimkuta ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

Lakini kuna jambo ambalo boti hiyo haikusamehe, nalo ni uzito. Dereva, abiria wawili na kisanduku cha barafu: hapo inaruka. Ukizidisha, inabaki majini. Hilo halikumsumbua Kipkirui, kwa sababu mteja aliyekuwa naye hakutaka kubeba magunia. Aliitwa Jackton, alikuwa na shirika dogo la kupeleka wauguzi na chanjo visiwani, na alikuwa amechoka kununua petroli. Alisema atakuja Jumamosi kuiona boti kwa macho yake.

Kipkirui alimwomba Wamuyu asipande siku hiyo. Kila kilo alikuwa anaihesabu, akamwambia, na alitaka mgeni akae ndani na nafasi ibaki. Wamuyu hakununa, hesabu ni hesabu. Alimwambia tu amwambie mama yake vilevile. Kipkirui akasema atamwambia.

Katika nchi hiyo chombo kipya hakitumiwi kabla ya kuombewa, na kikishaombewa, wazee wa nyumba ndio hukikalia kwanza. Iwe pikipiki, iwe lori, ndivyo hufanywa. Kwa hiyo Jumamosi Mama Janeffer, mama yake Kipkirui, alifika bwawani na wamama wa kanisa, vitambaa vyeupe vichwani, vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, mikononi. Mchungaji Zacheus akaomba, na hakuomba kwa ufupi. Amina ya mwisho ilipotoka, Janeffer akashika pindo la gauni lake na kuingia kwenye boti. Dada yake akamfuata. Kisha mama mwingine, na kibuyu.

Kipkirui alikuwa ameshika kamba. Aliitazama kamba. Wamuyu, aliyekuwa amevaa gauni jipya la rangi ya zambarau kwa ajili ya siku hiyo, alimngoja afungue mdomo. Badala yake alimwona akinyoosha mkono kumsaidia mama wa nne apande.

Boti ilizunguka bwawa kama ng'ombe anayevuka matope. Wamama waliimba njia nzima. Haikuinuka hata kidogo. Iliporudi, Jackton, aliyebaki ukingoni akitazama, akauliza kwa adabu kama hivyo ndivyo huwa inaenda.

Janeffer alikuwa bado anashuka, akitabasamu, amelowa viatu. Kipkirui alimtazama mama, akamtazama mgeni.

"Leo betri ziko chini," akasema. "Sijui kama ni nzima."

Jackton akainama, akasoma jina la duka la Wamuyu lililobandikwa kwenye betri, akatikisa kichwa polepole. Wamuyu aliondoka kabla chai haijamiminwa.

Usiku ule simu ililia mara nyingi. Aliishika mara moja.

"Wamuyu, tafadhali, nisikilize."

"Betri zangu ni mbovu, si ulisema? Sasa zimezima."

Akakata. Angeweza kusamehe kuachwa ukingoni. Alichoshindwa kusamehe ni kwamba neno moja dogo lilikuwa limegoma kutoka mbele ya mama, na ili lisitoke, jina lake lilitupwa majini. Mwanamume ambaye hawezi kumwambia mama yake ashuke kwenye boti, atamtetea vipi mke wake nyumbani? Hilo tu ndilo alilotaka kujua, na aliona kama ameshalijua. Wiki mbili alifungua duka, akafunga duka. Ovaroli yoyote iliyopita barabarani aliiacha ipite.

Aliyempigia baadaye alikuwa Jackton. Alitaka kuuliza kama betri hizo hustahimili joto la ziwani, na katikati ya maswali akasema kwamba yule fundi alimpigia na kukiri: betri zilikuwa nzima, boti ilijazwa watu, na yeye ndiye aliyeogopa kusema. Jackton alisema amekubali kurudi Jumamosi, kwa sababu hata yeye ana mama. Aliomba mwenye betri awe ndani ya boti, amweleze mambo akiwa anayaona. Na gugumaji je? Likinasa mabawa? Wamuyu akamwambia mabawa yanaweza kuwekewa bawaba yakunjwe, na akashangaa kujisikia akiizungumzia boti kama yake.

Siku hiyohiyo Kipkirui akaja dukani. Ovaroli ilikuwa imefuliwa. Mzee Kipngeno alikuwa kwenye kaunta akinunua balbu.

"Jackton amenipigia," Wamuyu akasema. "Na mama umemwambia?"

"Bado."

Kipkirui akatoa simu, akaiweka juu ya kaunta, akaweka spika.

"Mama, chamgei. Jumamosi tunajaribu boti tena. Safari hii hutapanda."

Upande wa pili kuku alisikika akifukuzwa.

"Nani amesema?"

"Ni mimi."

"Si tuliomba, na tukatembea vizuri?"

"Ilitembea, mama. Ilitakiwa kuruka. Nilimwambia mgeni betri ni mbovu, na ilikuwa uongo. Nilishindwa kukuambia ushuke."

"Na huyo wa betri, yeye atapanda?"

"Atapanda."

"Mimi nisimame ukingoni, yeye aketi ndani, wamama wote wakiona. Wakiniuliza huyu ni nani, nitawaambia ni nani?"

Kipkirui akamtazama Wamuyu.

"Umeulizwa wewe," Wamuyu akasema.

"Waambie ni msichana ninayetaka kumuoa. Yeye bado sijamuuliza."

"Kwani yuko wapi?"

"Yuko hapa. Anasikia."

"Kwa hiyo mimi ndiye umeniambia kwanza," Janeffer akasema, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyepata kiti. "Haya. Muulize. Niko."

Kipkirui akauliza, kwa maneno machache, masikio yamemwiva. Wamuyu alichukua balbu ya Mzee Kipngeno, akaijaribu kwenye soketi ya ukutani kama anavyomfanyia kila mteja. Ikawaka. Akaifunga kwenye gazeti, akamkabidhi mzee, ambaye hakuondoka.

"Nimekubali," akasema. Kisha akainama karibu na simu. "Mama, Jumamosi uje mapema. Uombe, halafu utusukume. Pale ukingoni ni matope, haitoki bila mtu wa kuisukuma."

"Kusukuma najua," Janeffer akasema, na wakamsikia akimwita dada yake kabla hata hajakata simu.