Gari la Makoo Mawili

Ovaroli ya fundi haiishi grisi, hata uifue kwa sabuni gani. Risper alilijua hilo vizuri kwa miaka aliyokuwa mke wa Clifford, ndiyo maana alishtuka Jumatatu ile alipoitoa ovaroli kwenye karai, akainusa, akakuta hainuki grisi wala dizeli. Ilinukia udi na maua, harufu tamu nzito kama ya yale maduka ya karibu na msikiti wa Migori siku za kuelekea Idd. Aliinusa tena. Kisha akaiacha izame, akaketi kwenye kigoda na povu mikononi.

Mwanamke, alijiambia. Clifford amepata mwanamke.

Risper hakuwa mtu wa kupiga kelele. Wivu wake ulikuwa wa kimya, wa kutazama na kuweka moyoni. Alianza kuona kwamba mumewe anaoga asubuhi kabla ya kwenda gereji. Fundi gani huoga na kujipaka mafuta ili akalale chini ya lori la miwa? Aliona anarudisha chakula bila kukigusa. Aliona anatabasamu peke yake akinyoa ndevu, na akiulizwa kwa nini, anasema, akimwita binti wa Gwassi kwa Kijaluo, "Ni hii kazi ya Wesley tu, Nyar Gwassi. Imenipendeza."

Wesley alikuwa mwenye hoteli kule Homa Bay, mtu wa vicheko na miwani ya jua. Alikuwa amemletea Clifford gari la mbio la milango miwili, rangi ya damu ya mzee, pamoja na sanduku la vipuri alivyoagiza ng'ambo. Clifford alimweleza Risper kazi yenyewe akichora mezani kwa kidole kilicholowa chai. Chini ya boneti kulikuwa na supachaja, pampu ya kuisukumia injini upepo kwa nguvu, iliyozungushwa na mkanda unaopita kwenye puli, kigurudumu cha chuma. Ukiweka puli ndogo, pampu huzunguka kwa kasi zaidi. Halafu kuna throto bodi, yale makoo mawili ambayo injini huvutia hewa. Ukiyatoa ukaweka mapana, gari linapata pumzi ambayo halikuwahi kuwa nayo.

"Ilikuwa imefungiwa kwa nyumba moja huko Mombasa, miaka mingi," alisema. "Mwenyewe hakuruhusu mtu aipande. Halafu kukawa na kifo, akaiuza mnada, bei ya kutupa."

"Nani alikufa?"

"Mke wake," Clifford alisema, na kwa namna fulani akatabasamu.

Jumapili Risper alivaa nguo za kanisa, akachukua Biblia yake, akatoka. Alipofika kwenye kona hakwenda kanisani. Alikata kushoto, akashuka hadi kwenye safu ya gereji zilizo karibu na mto. Saa hizo za ibada pote palikuwa patupu, makufuli milangoni, mbwa mmoja amelala kwenye vumbi la mafuta. Mlango wa Clifford tu ndio uliokuwa umerudishwa bila kufungwa, na kutoka nyuma ya mabati ilisikika sauti yake, ya chini, ya kubembeleza.

"Tulia, jaber. Tulia. Leo nakufungua koo la pili."

Jaber. Mrembo. Ndilo neno alilomwita Risper siku za kuchumbiana, wakitembea ufukweni Gwassi, na hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya harusi. Alitafuta tundu la msumari kwenye bati, akaweka jicho, tayari kumwona mwanamke huyo na kumjua kwa sura.

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na Clifford peke yake, ameinama chini ya boneti iliyo wazi, mikono imezama ndani hadi kwenye viwiko. Betri ya gari ilikuwa imetolewa, imewekwa juu ya benchi mbali kabisa. Hata hivyo mkanda ulikuwa unazunguka. Ulizunguka polepole, bila injini kunguruma, na ile puli ndogo mpya ikatoa mlio mwembamba unaopanda na kushuka, mlio wa mtu anayeimba mdomo umefungwa. Na kila ulipopanda, kibati kilicho ndani ya koo la injini kilifunguka chenyewe, kikavuta hewa, kikafunga, kikafunguka tena, na Risper akaona nywele za mumewe zikivutwa kuelekea huko kama nyasi kwenye upepo, na uso wa mumewe ukiwa umelegea kwa raha ambayo yeye mkewe, katika miaka yote hiyo, hakuwahi kumpa.

Mlio ukakatika.

Pumzi ya moto yenye harufu ya udi ilipenya kwenye tundu la msumari, ikamgonga jicho. Na sauti ikasema pale pale sikioni mwake, kwa matamshi ya mumewe mwenyewe lakini laini, ya kike:

"Nyar Gwassi. Rudi nyumbani."

Alikimbia. Biblia aliiangusha njiani na hakurudi kuiokota.

Tangu siku hiyo koo lake lilianza kuziba. Lilimbana ghafla akiwa jikoni, akiwa sokoni, akiwa anacheka na jirani. Daktari alimpiga picha ya kifua, akasema kifua ni safi. Lakini Risper mwenyewe aligundua kitu ambacho hakuweza kumwambia daktari. Kila Clifford alipolijaribu gari lile, mlio wake ukasikika hadi nyumbani, ndipo hewa ilipomkatikia. Na Clifford akimgusa, hata kumpokea tu sufuria ya moto, alikuwa akikabwa hadi macho yakatoka.

"Bwana yangu, toa hivyo vitu," alimsihi, akihema. "Rudisha puli ya zamani. Inaniua."

Clifford alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Una wivu," alisema. "Yeye alinionya utakuwa na wivu."

Yeye. Hakusema hii gari. Alisema yeye.

Jirani ndiye aliyempeleka kwa Mama Robi, mganga wa Kikuria aliyekaa upande wa Isebania, mama mnene mwenye kikohozi, aliyekuwa akipukuchua mahindi na hakusimama walipoingia. Alimsikiliza Risper hadi mwisho. Kisha akamwambia afungue mdomo, akatazama ndani ya koo lake kwa muda mrefu, akageuza uso.

"Binti yangu, mimi hutoa majini, wale wanaotaka damu, na wale wenye hasira. Huyo wako hajaja kwa hasira. Anapenda. Amempenda bwana yako kwa sababu bwana yako amempa pumzi, na anataka pumzi yako iwe yake pia ili abaki yeye peke yake."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Nikimpigia ngoma atamshika zaidi. Ni kama wewe tu." Mama Robi akarudi kwenye mahindi yake. "Ungeambiwa nini kuhusu bwana yako, wewe ukafunga mizigo bila kusukumwa?"

Njiani kurudi Migori Risper hakuwaza kitu kingine.

Kazi ilipokamilika Wesley alipiga simu, akataka gari lake. Clifford alishinda siku nzima akilifuta kwa kitambaa laini, akilia bila aibu mbele ya mafundi wenzake. Alisema atalipeleka Homa Bay mwenyewe. Asubuhi alipofungua mlango wa dereva alimkuta Risper ameshakaa kiti cha pili, mkanda kiunoni, mikono mapajani.

"Shuka," alisema.

"Sishuki."

Hadi Rongo mambo yalikuwa ya kawaida. Walipita malori ya miwa, walipita watoto wa shule, na mlio wa supachaja ulikuwa chini, kama mtu aliyenuna. Lakini walipopinda kuelekea Rodi Kopany na barabara ikanyooka, mlio ulianza kupanda. Risper alitazama miguu ya mumewe. Ilikuwa imetulia sakafuni, haijakanyaga kitu chochote, na gari lilizidi kukimbia, miti ikageuka ukuta wa kijani, na mkanda wa kiti ukaanza kujivuta, kidogo kidogo, kutoka tumboni ukapanda kifuani, kutoka kifuani ukapanda shingoni, ukambana pale pale pembeni mwa koo, na harufu ya udi ikajaa hadi ikawa kama maji, na mbele yao lori lililojaa miwa lilikuwa linapanda kilima taratibu, na Clifford alikuwa akitabasamu kwa macho yaliyofumbwa, na ile sauti iliyokuwa mlio ikawa neno, na neno lilikuwa jaber, jaber, jaber, likisemwa na gari lenyewe kwa kujisifu, kama mke mdogo anayemringia mke mkubwa.

Hapo ndipo Risper, kwa pumzi ndogo iliyobaki, alipocheka.

"Hata wewe amekuita hivyo?" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Pole, dada. Huwaita wote hivyo."

Mlio ulitetereka.

"Kulikuwa na gari la bluu kabla yako. Na jeupe. Aliyafungua makoo hivi hivi, akayalilia hivi hivi siku ya kuyapeleka. Sasa kuna lingine linakuja Jumatatu, jipya kuliko wewe. Ameshaniambia jina atakaloliita." Mkanda ulikaza, macho yakamwia giza, lakini aliendelea, na wivu wake wote wa miaka ndio uliompa maneno. "Mwenye kukupenda ni Wesley. Amekulipia. Amekungoja. Hana mwingine. Nawe umeng'ang'ania fundi!"

Kwa kitambo hakukuwa na mlio wowote, ila upepo madirishani. Kisha mkanda ulimlegea shingoni. Gari lilipunguza mwendo lenyewe nyuma ya lori, Clifford akafumbua macho, akashika usukani kwa nguvu kama mtu aliyeamshwa.

"Nyar Gwassi," alisema. "Tuko wapi?"

Hotelini Homa Bay, Wesley alilizunguka gari kwa vicheko, kisha akaweka kiganja juu ya boneti, na vicheko vikakoma. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza. Mkewe Sheila, msichana wa Rusinga mwenye shingo ndefu na kucha zilizopakwa rangi, alisogea akafungua mlango wa pili. Risper alimshika mkono.

"Nyamera, dada yangu, tafadhali. Usipande hii gari."

Sheila alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Kwa nini? Wewe si umepanda?" alisema, akaingia. Mlango ulijifunga polepole kabla hajaugusa.

Clifford alilala siku mbili. Alipoamka alikula ugali wa watu watatu, na ovaroli zake zikaanza tena kunuka dizeli. Hakukumbuka mengi, na Risper hakumkumbusha. Koo lake lilifunguka. Usiku alilala amemkumbatia mumewe na wakati mwingine alicheka gizani kwa furaha. Lakini mchana, akiosha vyombo, shingo ndefu ya Sheila ilikuwa ikimjia, naye alijua alichofanya. Hakulifukuza lile jini. Alilielekeza kwa mwanamke mwingine.

Habari zilipomfikia kwamba Sheila amerudi kwao Rusinga, mgonjwa wa kifua, hawezi hata kuongea vizuri, hakuweza kuvumilia. Alimwambia Clifford anakwenda kumwona mgonjwa, akasafiri hadi Mbita, akavuka daraja hadi kisiwani, akafika kwenye boma lao mchana jua likiwa kali. Sheila alikuwa ameegemezwa kwa mito kivulini mwa nyumba. Shingo ile ilikuwa imekonda, na alipovuta hewa ilipiga filimbi.

Risper alipiga magoti kwenye vumbi, akamwambia yote. Alimwambia kuhusu tundu la msumari, kuhusu Mama Robi, kuhusu barabara ya Rodi Kopany na maneno aliyoyasema. Alilia. "Nilikutupia, nyamera. Nilitaka tu wangu abaki."

Sheila hakukasirika. Alinyoosha mkono, akamshika kidole, akamvuta karibu ili asilazimike kupaza sauti.

"Najua," alinong'ona. "Aliniambia kuna mwanamke wa Migori aliyemleta kwetu."

"Anaongea na wewe?"

"Aliongea. Juzi. Nilikuwa nimelala hapa, nikasikia pembeni mwa mto wa kichwa. Aliniuliza swali moja tu." Alipumzika, akakusanya pumzi. "Aliniuliza kama ni kweli fundi wa Migori ana magari mengine kama yeye. Lile la bluu. Na jeupe."

Risper alihisi joto la jua limemtoka mgongoni.

"Ukamjibu nini?"

"Nilichoka, dada. Nilitaka aniache. Nikamwambia ukweli ninaoujua kwa Wesley. Kwamba yule hutengeneza probox na malori ya miwa. Kwamba gari kama yeye bwana yako hakuwahi kushika maishani, na hatashika tena." Machozi yalimteremka Sheila. "Ameniacha. Leo asubuhi nimekunywa uji wote."

Risper alisimama. Alitoa simu, akampigia mumewe. Ilibidi ajaribu mara kadhaa. Ililia kwa muda, kisha Clifford akapokea, na sauti yake ilikuwa ya uchangamfu, ya mtu aliyetoka kuoga.

"Bwana yangu, uko wapi?"

"Gereji. Wesley amerudisha ile gari juu ya lori, eti imekataa kwenda naye." Nyuma yake palisikika mlio mwembamba, ukipanda na kushuka. Clifford aliguna pembeni ya simu, kama anayepokea ujumbe. "Wewe uko wapi, Risper? Kuna mtu hapa anakuuliza."