Blanketi la Mistari Iliyosimama

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda mlima, Selloane hukoroga motoho. Hutia samadi kavu jikoni iwe kuni, hupuliza moto, kisha husimama kimya na mwiko wake. Uji huo wa mtama uliochachuka humpelekea wifi yake, Keneuoe, aliyerudi kwao na kujifungua mtoto wa kwanza. Juu ya mlango wa Keneuoe limechomekwa tete la mtoni, ili wanaume wajue kwamba humo hamuingiliki.

Asubuhi moja uji ulikuwa ndio kwanza unaanza kutokota, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama mkwe wake, Mamotlatsi, aliingia na kitu cha sufu nyeupe mkononi.

"Selloane! Nimekikuta chini ya mto wako. Ni nini hiki? Soksi ya farasi?"

Selloane aliinamisha kichwa. Lilikuwa blanketi la mtoto, alilokuwa akilifuma kwa siri. Karibuni mtoto angetolewa nje kwa mara ya kwanza, na watu wa upande wa baba wangekuja kumchukua. Selloane alitaka mtoto aende kwa baba yake amefunikwa kwa kazi ya mikono yake. Lakini aliona haya kulisema hilo.

"Ni kitu tu, mama."

"Kitu tu!" Mamotlatsi alikiinua juu. "Huku kipana, huku kimechongoka kama pembe ya ng'ombe. Na tazama mistari! Mmoja umesimama, mwingine umelala. Wewe ni mtoto wa milimani, hujui kwamba mistari ya blanketi husimama? Mtoto akivikwa mistari iliyolala, atakua kwenda wapi? Ubavuni?"

Hapo motoho ikafurika, ikazima moto.

"Wakwe zetu wana midomo," alisema Mamotlatsi, akalitupa lile blanketi chini na kutoka. "Siku ya soko nitanunua blanketi dukani. Sitaki kuchekwa."

Selloane aliwasha moto upya. Machozi yalimtoka, naye akasingizia moshi.

Mchana alikwenda kwa jirani yao, Mapuleng, anayewafundisha wanawake kazi za mikono katika ukumbi wa kanisa. Alimpa lile blanketi.

Mapuleng aliligeuza huku na huku. "Huu ni ufumaji wa kroshia ya Tunisia. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Chuoni nilimwona mwenzangu akifuma. Nilitazama kwa mbali. Niliona haya kumwuliza."

"Basi haya ndiyo iliyokufumia pembe ya ng'ombe." Mapuleng alicheka mpaka Selloane naye akacheka. "Keti. Tuanze na kitambaa cha kushikia sufuria. Mwanafunzi akikosea kidogo, hufumua kidogo."

Alimpa kroshia ndefu, sindano yenye ndoano nchani na kifundo mwishoni.

"Kroshia fupi hushika kitanzi kimoja. Hii hubeba vitanzi vya safu nzima. Kifundo kinavizuia visidondoke. Fuma mnyororo kwanza. Sasa chomeka katika kila jicho la mnyororo, vuta kitanzi, kiache juu ya kroshia. Huko ni kwenda."

"Na kurudi?"

"Zungusha uzi, upitishe katika kitanzi kimoja. Zungusha tena, upitishe katika viwili. Viwili, viwili, mpaka kibaki kimoja. Umeona nyuzi zilizosimama kama nguzo za ua? Safu inayofuata utachomeka katika nguzo hizo. Ya kwanza iruke, kitanzi chake tayari unacho."

Selloane alishika kazi yake, akaanza kuigeuza. Mapuleng akamdaka mkono.

"Eh! Unaipeleka wapi?"

"Safu imekwisha. Nageuza, kama kroshia ya kawaida."

"Hapo ndipo mistari yako ilipolala! Kazi hii haigeuzwi. Uso wake unakutazama tangu mwanzo mpaka mwisho, kama mgeni sebuleni. Usimzungushe mgeni akupe mgongo."

"Na pembe ya ng'ombe?"

"Nguzo ya mwisho hujificha ukingoni. Ukiisahau, kazi inakonda. Chomeka chini ya nyuzi zake mbili. Hesabu vitanzi kila safu. Vikipungua, fumua bila huruma." Kisha aliligonga blanketi la zamani kwa kidole. "Na ugumu huu? Hili ukilisimamisha litasimama lenyewe!"

"Nilivuta sana ili upepo wa mlimani usipite."

"Wote hapa huvuta hivyo, hata mimi nilivuta. Lakini joto hukaa katika hewa iliyo kati ya nyuzi. Ukizibana, hewa itakaa wapi? Chukua kroshia nene zaidi, legeza mkono."

Selloane alifuma kile kitambaa, akakiacha jikoni. Kesho yake alimwona Mamotlatsi akiipua sufuria ya motoho kwa kitambaa hicho. Mama mkwe hakusema kitu. Keneuoe alipokisikia kisa hicho, alimkonyeza Selloane.

"Wifi, mama akinyamaza, ujue ameshindwa kupata kosa. Lete sufu, fumia hapa hapa. Mtoto aone."

Basi Selloane alilifumua blanketi lote, akaanza upya kando ya kitanda cha mzazi. Vitanzi vilikwenda, vikarudi. Nguzo zilipanda moja juu ya nyingine, zimenyooka. Alipomaliza, kingo zilijikunja kama jani la kabichi. Alishtuka, akamkimbilia Mapuleng.

"Hiyo ndiyo tabia yake," alisema Mapuleng. "Lizungushie ukingo kwa kroshia ya kawaida. Liloweshe kwa maji ya uvuguvugu, litandaze, libane kwa pini mpaka likauke."

Lilipokauka, lililala tambarare kama meza. Selloane alilitandika juu ya kitanda cha mama mkwe, akakimbilia nje.

Kupitia dirishani alimwona Mamotlatsi akilivuta kwa pembe, akilinusa, hata akalipuliza kwa mdomo ajue kama upepo unapita. Siku ya soko ilifika. Mamotlatsi alishinda nyumbani akichambua mboga.

Wageni walikuja theluji ikiwa bado juu ya mlima. Tete liliondolewa, mtoto akatolewa nje. Bibi yake wa upande wa baba alimpokea, akalipapasa blanketi, akaitazama mistari yake kutoka chini mpaka juu.

"Mamotlatsi, mistari imesimama kama askari! Mmenunua duka gani?"

Mamotlatsi aliinua kidevu juu.

"Kwa nini uniulize mimi? Muulize yule aliyejificha nyuma ya mlango."

Wote wakageuka. Selloane alitoka nyuma ya mlango, ameinamisha kichwa.

"Ni kitu..." alianza.

Mtoto alitoa ngumi yake ndogo, akaushika ukingo wa blanketi. Selloane akainua kichwa.

"Ni blanketi," alisema, kwa sauti iliyofika hadi uani. "Nimelifuma mimi."